Nani Bado Hajaja

Ukitaka kuanza kuangalia ndege Dar es Salaam, anza na kunguru. Najua si yeye uliyemtarajia. Ulidhani nitakupeleka Pugu au Mikumi kwenye ndege wa buluu na manjano, na mimi nakuelekeza kwa mwizi wa sabuni. Lakini kunguru ndiye utakayemkuta saa kumi na mbili asubuhi juu ya ukuta wa jirani, na kabla hujamtazama, yeye atakuwa ameshakutazama. Hatakukimbia mpaka uiname. Ukiinama tu, anajua umeokota jiwe. Basi simama wima, mikono mitupu, umwangalie.

Utaona kwamba si mweusi wote. Kisogo, shingo na kifua ni rangi ya majivu. Chini haendi kwa kurukaruka kama shomoro. Hupiga hatua, moja baada ya nyingine, kwa madaha. Akipata mkate mkavu hashindani nao. Ataupeleka kwenye dimbwi au kwenye ndoo iliyoachwa wazi, ataulowesha, ataugeuza, ndipo aule. Sabuni akiikuta bombani anaondoka nayo, na wala haogi. Kiota chake, juu ya mwembe au nguzo ya umeme, ni vijiti vilivyochanganywa na vipande vya waya alivyookota kwa mafundi.

Huyu si mwenyeji. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, Waingereza wakiwa wameshaweka himaya yao, kwa matumaini kwamba angesafisha taka za mji. Taka alikula kweli. Kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akala vifaranga vya watu, akazaana, akavuka mpaka bara. Mombasa alishafika katika miaka ya 1940. Kabla yake, kunguru wa Dar es Salaam alikuwa mwingine: mkubwa kidogo, mweusi tii, mwenye kifua na ukosi mweupe pe. Huyo yupo bado ukienda Dodoma au Morogoro, anazunguka juu ya masoko na vituo vya mabasi. Katikati ya mji wetu ameshakuwa adimu kiasi kwamba mtoto aliyekulia Ilala akimwona Dodoma anauliza ni ndege gani.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Mgeni huhesabu ndege aliowaona. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100, na wapo watu wanaosafiri kutoka ng'ambo, wanapanda gari alfajiri kwa wiki mbili mfululizo, na kurudi kwao na orodha ndefu. Siwasemi vibaya, wengine wanajua ndege wetu kuliko sisi. Lakini ipo hesabu moja ambayo mgeni haiwezi hata akiwa na darubini ya mamilioni: hawezi kujua nani hayupo. Hiyo ni hesabu ya mkaazi, wa kuamka palepale kila siku. Anafanya kazi ya mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, anaita majina kimoyomoyo, na sikio lake linakwama pale ambapo hakuna aliyeitika.

Mimi nakaa Mbezi Beach, kwenye nyumba yenye ua mdogo: mwarobaini mmoja, mpapai, migomba, na ukuta ambao zamani ulikuwa uzio wa michongoma. Ni ua wa kawaida kabisa. Asubuhi wa kwanza kusikika ni shore, mwenye kishungi kichwani na manjano chini ya mkia, anayeimba kama vile amelipwa. Akinyamaza shore, ujue paka yupo, au mwewe amepita. Kisha chozi huja kwenye ua la mgomba. Ndege huyu ni mdogo hivi kwamba akining'inia kwenye ganda la ua lile, ganda halitikisiki. Hutumbukiza mdomo wake uliopinda mara mbili tatu, hupiga kelele kali zisizolingana na mwili wake, huondoka. Jike lake ni la rangi ya majani makavu, na ndilo linalojenga.

Nilipata bahati ya kuona ujenzi huo kwa karibu, maana jike lilichagua waya wa kuanikia nguo, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Kiota cha chozi ni kimfuko kilichofungwa kwa utando wa buibui, chenye mlango wa pembeni juu kidogo ya katikati. Nje amekipachika takataka: vipande vya magome, majani makavu, kinyesi cha viwavi. Matokeo yake jicho linakipita. Wageni walikuwa wakikaa upenuni kunywa chai wasijue kwamba juu ya vichwa vyao kuna mayai. Ndani alitandika vitu laini, nikamwona akija na pamba aliyoichomoa kwenye mto wangu uliopasuka. Nguo tukaanika kwa jirani. Nina wazo langu kuhusu kwa nini alikuja karibu namna ile: kunguru ni mjanja, lakini mlangoni mwa jikoni kuna fagio na kuna watoto, na chozi ameshajua kupima nani ni adui mkubwa zaidi.

Mnana hawakupima vizuri. Walikuwa na mji wao kwenye mnazi wa jirani, mnazi uliokuwa umeinamia barabara, na kwa miaka kadhaa ilikuwa starehe ya mtaa mzima bila mtu yeyote kuiita starehe. Dume la mnana hujenga peke yake. Huuma ukingo wa jani la mnazi, halafu huruka, na jani huchanika lenyewe kwa kasi ya kuruka kwake. Ndivyo anavyopata ukamba mrefu wa kijani. Huanza na pete. Anasimama ndani ya pete hiyo na hatoki kwenye kituo chake. Kila upande anafuma mpaka mdomo unapofikia, kwa hiyo ukubwa wa chumba ni urefu wa mwili wake. Akimaliza, hujitundika chini ya mlango, hutikisa mabawa na kupiga makelele akiita mke. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo. Akiona pamelegea huondoka zake. Kiota kikikauka na kugeuka kahawia bila kupata mwenyewe, dume hukifumua uzi kwa uzi, mpaka kidondoke chini, na kuanza kingine palepale.

Siku kunguru walipougundua mnazi ule walikuja wawili wawili. Mmoja alijitundika kwenye kiota akichana paa, mwingine akasubiri chini. Mnana walipiga kelele, wakazunguka, wakarudi, wakazunguka tena. Msimu uliofuata walijenga wachache. Ule wa baadaye, hakuna. Viota vikavu vilibaki vikining'inia muda mrefu, na mtu anayepita angeweza kusema, tazama, mnazi wenye ndege wengi. Ndiyo maana nasema kuona peke yake hakutoshi.

Wapo wanaosema dawa ni sumu. Imeshatumika hapa Dar es Salaam na Zanzibar, chambo cha nyama chenye kemikali inayomuua kunguru polepole bila kumdhuru sana anayemla, na kwa muda idadi ilishuka kwa namna ambayo hata asiyejali ndege aliiona. Wakenya nao, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, walitangaza mwaka 2024 kwamba wanakusudia kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Sina machozi kwa kunguru, na ningependa kuwarudisha mnana. Ila sumu isiyofuatana na kuzoa taka ni kazi ya kukausha sakafu huku bomba umeliacha wazi. Kunguru aliletwa kwa ajili ya taka, na taka ndizo zinazomweka. Majalala yetu yalivyo, ukiua nusu yao, nusu iliyobaki inapata chakula mara mbili.

Nimetaja uzio wa michongoma. Fundi aliyenijengea ukuta uliochukua nafasi yake ni mtu wa Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga, na utoto wake wote wa msimu wa mavuno aliupitisha juu ya dungu akiamia ndege, teo mkononi na makopo yamefungwa kamba. Adui alikuwa kwelea kwelea, mwenye mdomo mwekundu, anayekuja kwa makundi ya mamilioni. Mmoja anakula nafaka kama gramu 10 kwa siku, kitu ambacho hakina maana mpaka uzidishe. Serikali huwapelekea ndege za kunyunyiza dawa. Zamani zile wao walipeleka watoto. Fundi huyu alikuwa anatambua ndege bila kuinua kichwa kutoka kwenye zege. Siku moja aliniambia, "Dada, tafuta turubai tufunike saruji." Mbingu ilikuwa nyeupe. Alikuwa amemsikia dudumizi huko bondeni, zile sauti nzito zinazoshuka kwa haraka, zikapungua kasi, kisha zikapanda kidogo mwishoni. Mvua haikunyesha siku ile. Ilinyesha kesho yake usiku, naye alipokuja akaniangalia kwa uso wa mtu aliyethibitisha.

Ni yeye aliyenionyesha kitu ambacho nilikuwa nakisikia kila asubuhi na kukidhania ni kimoja. Kichakani kuna ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayepiga filimbi safi yenye milio mitatu au minne iliyoungana. "Hao ni wawili," akasema. "Nenda ukasimame katikati yao." Nikaenda. Mlio wa kwanza ulitoka kushoto kwangu, wa pili ukatoka kulia, bila nafasi hata ya kupumua kati yake, ukarudi kushoto. Ukisimama mbali unasikia wimbo wa ndege mmoja. Ni mume na mke wanaogawana wimbo, na mmoja wao akikawia, wimbo unabaki nusu. Tangu hapo nikisikia nusu ya wimbo ule, natoka nje.

Tunapenda kusema kwamba Waafrika hatuna mazoea ya kuangalia ndege, kwamba ni jambo la Wazungu wenye kofia pana. Aliyekaa juu ya dungu haambiwi hivyo. Wala aliyetega ulimbo wa fenesi kwenye mkunjo wa tawi akiwa na miaka minane, akajua shore hutua wapi kwanza na mnana hutua wapi. Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini kwenye milima ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu miwili ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa sayansi kumjua kwale wa Udzungwa, ambaye miaka mitatu baadaye alipewa jina lake la Kilatini na kuonekana kuwa na undugu na ndege wa Asia kuliko wa Afrika. Dunia ilishangaa. Mpishi, nadhani, alishangaa kwa sababu nyingine. Kwamba ujuzi huo ulikuwa wa kutega na kula haunisumbui. Linalonisumbua ni kwamba watoto wetu wa mjini wameacha ulimbo, jambo jema, na hawakupata kingine badala yake.

Kingine hicho si ghali. Darubini husaidia, lakini mjini ina taabu zake: mtu mwenye darubini ama ni askari kanzu ama anapeleleza nyumba za watu. Mlinzi wa geti la mtaani kwetu aliniuliza kwa adabu, "Mama, samahani, unatafuta nini kwenye paa la yule bwana?" Nikampa darubini aangalie mwenyewe. Juu ya mnara wa simu alikuwepo mwewe, mguu mmoja umebana kitu, anakinyofoa. Aliangalia muda mrefu mpaka gari likapiga honi getini mara mbili. Sasa ananipa taarifa bila kuulizwa. Juzi nilipokuwa natoka kwenda kazini aliinama dirishani. "Yule wako leo hajaja," akasema, nikajua somo limeshaingia.

Bundi ndiye ambaye kutokuwepo kwake watu hukushukuru. Kulikuwa na jozi ya bundi weupe, wale wenye uso wa umbo la moyo, kwenye dari la ghala lililokuwa karibu nasi. Ghala lilivunjwa, nao wakaondoka, na nilisikia majirani wakisema heri. Panya wa mtaa huo hawajasema kitu, ila wameongezeka. Bundi hawa huanza kazi giza likishaingia, huwinda kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona, na manyoya ya kingo za mabawa yao yameumbwa kwa namna inayonyonya sauti, hata panya asisikie kinachokuja. Sitabishana na mtu aliyelelewa kuogopa mlio wake usiku. Namwomba tu ahesabu bei ya sumu ya panya kwa mwaka.

Kuna wasiokuwepo kwa sababu wamefukuzwa, na kuna wasiokuwepo kwa sababu zamu yao haijafika. Kuwatofautisha kunahitaji kukaa mahali kwa miaka. Mwezi wa nne ndio mwezi wa kupishana. Mbayuwayu waliokuja mwezi wa tisa kutoka Ulaya na Asia hujikusanya kwenye nyaya, siku mbili tatu wanaonekana wengi kuliko kawaida, kisha asubuhi moja nyaya ni tupu. Ukisafiri kwenda Bagamoyo majuma hayo utaona ndege wa buluu wenye ukubwa wa njiwa na mgongo wa kahawia wakielekea kaskazini, mmoja mmoja, kundi lisilo na mwisho, wanakwenda kuzaa Ulaya mashariki na Asia ya kati. Na wakati huohuo, usiku, watu wa kusini wanaingia.

Usiku wa masika kitu kiligonga dirisha la sebuleni. Nilipotoka na tochi nilimkuta mdiria mdogo, wale wasiojua hata harufu ya samaki maana chakula chao ni panzi na nyenje, amelala ubavu kwenye sakafu ya upenu. Nilimwokota. Hakufika gramu 20. Mdomo wake mwekundu ulikuwa mkubwa kuliko haki yake, kifua cha rangi ya chungwa, mgongo wa buluu iliyokolea, na shavuni zambarau laini ambayo vitabu havijawahi kuipata sawasawa. Moyo ulikuwa unapiga kwa kasi nisiyoweza kuihesabu. Niliuhisi kwenye kidole gumba. Alifumba jicho, akalifumbua, akanitazama bila uchangamfu wowote. Ndege hawa huzaa kusini, Zimbabwe, Msumbiji na huko chini, wakati wa mvua zao, kisha baridi ya huko ikikaribia wanapanda pwani yetu. Husafiri usiku, na taa na vioo vyetu huwapoteza. Nilimweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, maana ndivyo inavyotakiwa. Ndege aliyepigwa na mshtuko hahitaji kunyweshwa. Alfajiri nikafungua kifuniko. Alikaa ukingoni kidogo, akaacha kinyesi, akaruka kupita juu ya ukuta kuelekea kaskazini, upande aliokuwa akienda. Nimezima taa ya upenuni miezi ya nne na ya tano tangu wakati huo. Mlinzi ananung'unika.

Lakini mahali pa kujifunza zamu ni ufukoni. Ukipita daraja la Salenda maji yakiwa yametoka, hata ukiwa umebanwa kwenye daladala, tazama matope ya mdomo wa Msimbazi: yangeyange, kulasitara amesimama peke yake, sululu na mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini. Wakati wa kaskazi kuna pia vitwitwi wadogo wanaokimbiakimbia kwenye ukingo wa maji, na baadhi yao wametoka Siberia, juu kabisa kwenye nchi isiyo na miti, ambako kiangazi chao ni majuma machache ya kuatamia na kukimbia. Matope yale yananuka. Wao wanakuja kwa ajili yake.

Ninayempenda kuliko wote yuko mbali kidogo, kwenye fukwe za kusini mwa Kigamboni, na huko mbele Rufiji na Mafia. Ni ndege wa kaa, mweupe, mgongo na mabawa yana weusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu iliyopauka, na mdomo mnene mweusi ulioumbwa kwa kuvunja kaa. Wapwani walioishi kwa pepo wangemtambua kama mtu wao. Kwake kwa kuzalia ni Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huko hufukua shimo kwenye mchanga, jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii hii ya ufukoni, na hutaga yai moja jeupe, kwa kawaida moja tu, ndani kabisa, ambako joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Kisha huja kwetu. Majahazi yalisubiri kaskazi; yeye hutangulia, mwezi wa nane na wa tisa ameshaanza kufika. Kurudi, hurudi mwezi wa nne, kusi likianza kuvuma, wakati uleule ambao manahodha walitweka tanga kwenda Maskati.

Anakuja na mtoto. Hilo ndilo la kutazama kwa karibu. Ndege wengi wa ufukoni wakishatotoa, kinda hujitafutia chakula tangu siku ya kwanza. Huyu analishwa shimoni, anaruka bahari nzima na wazazi, na akishafika Afrika anaendelea kudai. Utamwona: mkubwa sawa na mama yake, mgongo wa kijivu badala ya mweusi, ameinamisha shingo, anafuata nyuma akilia mlio mwembamba usiokoma. Mzazi anakimbia, anasimama, anakimbia, anamchomoa kaa matopeni, anamtikisa mpaka miguu inadondoka mmoja mmoja. Mtoto anafungua mdomo. Kaa anazama. Mlio unaanza tena palepale. Nimewahi kukaa na mama mmoja anayeuza pweza wa kukaanga pale karibu, mwenye vijana watatu nyumbani waliomaliza shule, akaangalia shughuli hiyo kwa darubini yangu na kusema, "Ndivyo walivyo." Akarudi kwenye kikaango chake.

Wavuvi wana hesabu yao. Mzee mmoja wa Kunduchi, ambaye kila nikimwamkia shikamoo ananiuliza kwanza kama nimekula, anasoma membe kama ratiba ya kazi: wakipiga mbizi mahali pamoja, chini kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna mkubwa anayewasukuma juu. Nilimwuliza mwezi wa sita, nikiwa na uhakika wa jibu, kama wale ndege wa kaa wameshaondoka wote. Aliguna. "Wakubwa wameondoka, mwanangu. Hawa wadogo waliokuja mwaka huu, wataondokaje? Huko wanakwenda kuoa, na hawa hawajafika." Akanyoosha mkono, na kwenye fungu la mchanga walikuwepo, wachache, wa kijivu. Wataalamu wanasema vilevile, kwa maneno marefu zaidi: ndege wengi wa ufukoni katika mwaka wao wa kwanza hubaki huku huku wakati wenzao wanakwenda kuzaa. Mimi nilikuwa nimeshawafuta kwenye daftari.

Ukitaka kwenda, angalia mwezi kabla ya saa. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na ndege wote ni vivuli. Ukienda maji yakiwa yamekupwa kabisa, wao wako nusu maili mbele na utaambulia nukta. Chagua siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Fika saa nane mchana, jua likiwa limeshavuka kwenda nyuma yako, ukae chini, usiwafuate. Maji yanapanda, na kila yanavyopanda yanawasogeza kwako, wakila haraka kabla meza haijafunikwa. Ukichelewa mpaka saa kumi na moja, matope yameshazama na wengi wameshahamia kwenye fungu la mchanga la upande wa pili.